Mchaichai wa Nyuma ya Jiko

Mie ndiye niliyeamrisha mchaichai wa mamaangu ung'olewe. Nalisema mapema, kabla hajalisema mtu mwengine, maana katika nyumba yetu hapa Ibra, Omani, habari hii imeshasimuliwa mara nyingi, na kila anayeisimulia ananizidishia makosa. Kosa langu lilikuwa moja tu. Kubwa, lakini moja.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana kwa miaka mingi, na ualimu mkuu ni maradhi, ukistaafu huponi. Nikiona karatasi chini, nainama. Nikiona kiatu kimekaa upande, nakinyoosha, hata kama ni kiatu cha mgeni na mgeni mwenyewe anatazama. Kwa hiyo binti yangu alipojifungua huko Nizwa, anakofanya kazi benki na anakoishi na mumewe, na ikajulikana kwamba atakuja kwangu kukaa arubaini yake, sikufikiria mtoto atalala wapi. Nilifikiria uwani kwangu. Hapa mtoto akizaliwa wanawake wa mtaa mzima wanakuja kumtazama mzazi, asubuhi na laasiri, na nusu yao hupitia mlango wa jikoni. Nikamwambia mfanyakazi anayetutunzia mitende: "Toa manyasi yote ya huku nyuma, pawe peupe." Akatoa. Maskini ya Mungu, alifanya kama alivyoambiwa, na siku hiyo alifanya vizuri kuliko siku zote.

Katika hayo niliyoyaita manyasi ulikuwamo mchaichai wa mama. Aliuleta mwenyewe kutoka Unguja safari moja aliyokwenda kuzuru ndugu, mashina matatu kayazungushia kitambaa kibichi na kuyatia katikati ya kanga ndani ya sanduku. Akayapanda nyuma ya jiko, chini ya kiyoyozi cha chumba chake, ili yale maji yanayodondoka kutwa yasipotee bure. Joto la Ibra si la mchezo, na kila msimu wa joto ule mchaichai ulikauka ncha ukawa rangi ya mkeka mkuukuu, na kila mara mama aliutandia kanga juu kuufanyia kivuli, akaunong'oneza maneno yake, ukarudi. Alitilia chai yake majani hayo, kwani chai isiyo mchaichai kwake yeye ni maji ya rangi. Mtu akiwa na homa alimfukizia. Tumbo likijaa gesi, alimnywesha. Na zaidi ya yote, hayo ndiyo majani ya maji ya kumkandia mzazi. Wengine hutia majani ya mpera, wengine mwarobaini. Sie kwetu ni mchaichai, mama kapokea kwa mamaake, na jambo hilo halina mjadala.

Siku hiyo ya usafi mama hakuwapo. Alikuwa Sur kwa mdogo wangu wa kiume, kaenda kula samaki wabichi na kupumzika na makelele yangu. Kabla hajaondoka alikuwa ameshatoa hukumu. Umri wake umepita themanini, vidole vimeanza kumsaliti, lakini alisema: "Huyu mjukuu wangu nitamkanda mwenyewe kwa mikono hii. Nikishamkanda huyu, nimepumzika." Na binti yangu naye, alipopiga simu kutoka hospitali, alikuwa analia. Uchungu ulimkamata siku moja na nusu, kidogo aseme basi. "Mama, mwambie Bibi aniwekee maji," alisema. "Sitaki kitu chengine. Mgongo huu si wangu tena." Nikamwambia Bibi yupo, maji yapo, kila kitu kipo, weye njoo tu.

Jioni yake mdogo wangu akanipigia simu kutoka Sur. "Mama anauliza kama mchaichai wake unapata maji."

Nikaenda nyuma ya jiko na simu sikioni. Palikuwa peupe kama kiganja. Gari la taka la baladia, yaani manispaa, lilikuwa limeshapita tangu mchana. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji yake, tone, tone, juu ya kishimo kitupu. Nikamwambia mdogo wangu: "Mwambie unapata maji." Ambalo halikuwa uongo, ukilitazama vizuri. Kisha nikakaa pale pale chini na gauni langu zuri. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mie nilivipata vyote viwili wiki moja.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, na Jumatano Ibra ni siku ya soko la wanawake, soko wasiloingia wanaume. Nikafika mapema kabla hata wauzaji hawajatandika. Nikamwuliza wa ubani, nikamwuliza wa hina, nikamwuliza yule anayeuza hulba, yaani uwatu, na habbasoda. Mchaichai mbichi hakuna. Bibi mmoja mwenye barakoa akanivutia kikapu chake, akanionyesha vifungu vya sakhbar, nyasi za milimani ambazo wenyeji wa huku huzichemsha kwa ajili ya tumbo. Ni nyasi nzuri, ina harufu yake, na ukiitazama kwa mbali utasema ni binamu wa mchaichai. Lakini si mchaichai. Mie najua tofauti, siwezi kujitetea kwa ujinga. Nikajiambia pua iliyotumika miaka themanini na ushei haiwezi kubagua nyasi na nyasi. Nikanunua vifungu viwili. Mie, niliyekuwa nikiwatoa wasichana wa watu ndani ya mtihani kwa kuchungulia karatasi za wenzao.

Alkhamisi wakawasili. Mama alitangulia, mdogo wangu alitoka naye Sur alfajiri, wakasimama Al Kamil wal Wafi wakanunua matikiti. Aliposhuka garini, kitu cha kwanza ni kuelekeza mkongojo wake nyuma ya jiko. "Usipite huko, Mama," nikamwambia, "nimepiga maji sakafu, utateleza." Akanitazama. Akaingia ndani. Baada ya sala ya adhuhuri binti yangu akafika na mumewe, wametoka Nizwa wakapitia Samail, na mkwe wangu kaendesha polepole hata malori yakampigia honi. Binti yangu alikuwa kapauka, anatembea kashika kiuno. Mtoto alikuwa mwekundu, kakunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa shughuli isiyomhusu. Wallahi nilisahau kila kitu. Tulilia, tukacheka, tukamvua soksi tukahesabu vidole, tukamvisha tena. Mama akamsomea sikioni, akampulizia, kisha akanigeukia.

"Bandika maji," akasema.

Nikabandika. Nikatia sakhbar yangu kwenye sufuria kubwa, nikafunika, nikasimama pale nimeshika mwiko kama askari wa zamu. Maji yakachemka. Mvuke ukatoka jikoni, ukapita ukumbini, ukafika chumbani kwa mama, milango miwili mbali.

"Nani huyo kaniletea jabali ndani ya nyumba?"

Akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hulitumia nikiwa nimeharibu kitu. Nikaenda, nikasimama mlangoni. Nina wajukuu, nina nishani ya utumishi ukutani, na nilisimama mlangoni.

"Kiko wapi kichaka changu?"

Nikamwambia. Nilitegemea anigombeze, angenigombeza ningejua la kufanya, maana kugombana tunajua sote wawili. Hakugomba. Alivua miwani akaiweka juu ya meza, akajilaza, akaelekea ukutani. "Basi mkande weye," alisema. "Si una majani yako."

Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu mie sijui kukanda. Miaka mama alipokuwa akienda nyumba hadi nyumba hapa Ibra na vijiji vya jirani kuwakanda wazazi wa watu wetu waliotoka Unguja na Pemba, mie nilikuwa chuo, kisha skuli. Aliniita mara nyingi: njoo utazame. Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Nilipojifungua mwenyewe alinikanda yeye, nikainuka nikarudi darasani, na haikunipitikia hata siku moja kwamba mikono ile itachoka na haitakuwa na wa kuirithi. Chumba cha pili binti yangu akaita kwa sauti ndogo: "Bibi, maji bado?" Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Laasiri mlango wa jikoni ukagongwa. Jirani yetu, Mwarabu wa hapa hapa Ibra, mwanamke mwema, alikuwa katutumia bakuli la bokoboko kwa ajili ya mzazi, na aliyelibeba ni mfanyakazi wake wa nyumbani, mwanamke wa Java, karibu na miaka hamsini, aliyekaa nao miaka mingi. Mie na yeye tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Akaweka bakuli, akanusa, akatazama sufuria yangu. Akasema kwa kile Kiarabu cha jikoni wanachokisema wafanyakazi wote wa Ghuba: "Hii si sawa. Mama kabira hii hataki." Mama kabira, yaani mama mkubwa, ndiye mamaangu.

"Na weye nani kakuuliza?" nikamwambia.

Akageuka akaondoka zake, nami nikaongeza hilo katika dhambi zangu za wiki. Lakini haikupita hata robo saa akarudi, kashika pembe za aproni yake mbele, na ndani ya aproni mlikuwa na mchaichai. Si majani mawili. Mzigo mzima, mbichi, mashina meupe, udongo ungali mbichi kwenye mizizi. Jiko zima likageuka harufu.

"Umeupata wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha mama. "Mama kabira kanipa."

Nikamkalisha kitako, akanieleza. Kumbe miaka yote niliyokuwa nikitoka asubuhi kwenda kuwapangia foleni watoto wa watu, hawa wawili walikuwa wakikutana kwenye ule ukuta mfupi unaotenganisha nyua zetu. Siku moja mama alikuwa anakata majani, upepo ukapeleka harufu upande wa pili, na huyu mwanamke, ndiyo kwanza kaja, akaacha nguo anazoanika akalia. Kwao mmea huu wanauita sereh; kwao ulikuwa mlangoni kwa mamaake, anautia kwenye supu, anauchemshia watoto wenye mafua, anamwogeshea mwanamke aliyejifungua. Mama akapasua shina lake katikati akampitishia nusu juu ya ukuta. Mwenzake akaupanda kwenye debe la samli, ukalijaza debe, akauhamishia kando ya mfereji wa falaji, na sasa una kimo cha mtoto wa miaka saba. Mamaangu alikuwa na shoga wa ukutani miaka kumi na zaidi, na mie mwenye nyumba sikuwa na habari.

Tukaingia chumbani pamoja. Mama alikuwa bado kaelekea ukutani, lakini pua ilishafanya kazi yake. Akajigeuza kabla hatujasema. Akashika shina moja, akalivunja, akanusa. "Wa nani huu?"

"Wako mwenyewe, Mama."

Akamtazama yule mwanamke, akaanza kucheka, na mwenzake akacheka, wakacheka wawili hao kwa jambo ambalo mie sikulijua na mpaka leo hawajaniambia. Kisha akavaa miwani yake. "Haya, mwalimu mkuu. Bandika maji mengine. Hayo ya jabali kamwagie mitende."

Asubuhi yake tulitandika mkeka katika chumba cha mzazi. Mama akakaa kwenye kigoda, kajifunga kanga kiunoni tayari kwa kazi. Maji yalikuwa moto hasa, na kazi ni hii: taulo linachovywa, linakamuliwa upesi, linawekwa tumboni na mgongoni, na mkono unalifuata kwa kulikandamiza. Mama akachovya. Akakamua. Vidole havikukubali; maji yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akajaribu tena, taulo likabaki zito vile vile. Chumba kizima tulitazama chini. Mara ya tatu hakuchovya. Akalinyoosha taulo lile, akampa yule mwanamke wa Java.

Nilikasirika, nasema kweli. Binti yangu, nyumba yangu, sufuria yangu, halafu mie napewa kazi ya kushika beseni. Lakini Mjava yule alijua. Mikono yake ilikwenda bila ya kuuliza, na binti yangu, ambaye tangu Nizwa alikuwa kakaza taya, akashusha pumzi moja ndefu, akafumba macho. Hasira zangu zikaondoka na pumzi ile.

Walipofika kwenye mkaja, kile kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo, ndipo vita vilipoanza. Mama anafunga kanga iliyokunjwa, fundo moja ubavuni, basi. Mjava kaleta kitambaa chake kirefu kisichokwisha, anakizungusha kutoka nyongani kwenda juu, kila mzunguko na fundo lake mbele, kama anafunga jahazi. Mama akasema huo si mkaja, hiyo ni kamba ya ng'ombe. Mwenzake akasema kitu kwa lugha ya kwao, na kwa sura yake hakikuwa sifa. Wakavutana, huyu huku, huyu huku. Binti yangu katikati akasema: "Nifungeni mnavyotaka, mradi mnifunge." Mwisho kikafungwa cha Java chini, kanga ikaja juu yake, na kila mmoja akatoka kasema yeye ndiye aliyeshinda.

"Sasa njoo weye," mama akaniambia siku ya pili yake.

Nikapiga magoti. Mara ya kwanza nilichovya nikapiga ukelele, vidole vikawa vyekundu. Mara ya pili taulo lilikuwa limeshapoa. Mara ya tatu nilianza kusugua, kwa bidii, huku na huku. Mama akanipiga kigongo cha mkongojo begani, polepole. "Hufuti ubao weye. Unamkanda mtu." Binti yangu alicheka mpaka akashika tumbo, na mama akafurahi, akasema kucheka nako ni dawa ya tumbo la mzazi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilimwendea yule mwanamke mwenyewe ukutani, nikamwomba radhi kwa lile neno langu la jikoni, nikamwomba aje asubuhi tunazomhitaji, ikiwa yeye anataka. Akasema anataka tangu zamani, hakujua tu kama mwenye nyumba anaruhusu. Jirani yetu, bibi yake wa kazi, akasema mchukueni, asubuhi mie nimelala. Basi kila siku baada ya chai alipanda ngazi yake akauruka ukuta, kwa mlango alisema ni mbali.

Zile zilikuwa siku njema kabisa za maisha yangu ya kustaafu. Binti yangu alikunywa uji wa pilipili manga na hulba, akarudi rangi, akarudi na umbea wake wote wa benki. Mtoto alinenepa mapaja. Mkwe wangu alikuja kila Alkhamisi kutoka Nizwa na bakuli la halua, akikaa ukumbini na kulalamika kwamba nyumba inanukia hata mtu hana nguvu za kuondoka. Mama alikaa kwenye kigoda chake akitupa maksi. "Leo sita kwa kumi," ananiambia, na mie nalala nafikiria sita yangu, naamka nataka saba. Wiki ya nne akanipa nane, nikampigia simu mdogo wangu Sur kumjulisha.

Siku ya arubaini wageni walialikwa baada ya adhuhuri. Asubuhi nilimkanda binti yangu peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Mjava alikamua mara mbili tu. Binti yangu akainuka akaenda kujivika na kujifukiza udi. Nikabeba sufuria, maji yalikuwa yamebaki nusu na bado yanatoa moshi, nikaenda nayo mlangoni.

"Usiyamwage," mama akasema.

Akateremka kwenye kigoda. Akavua mtandio, akaukunja akauweka chini ya kichwa, akajilaza juu ya mkeka pale pale alipokuwa kalala mjukuu wake, kifudifudi.

"Yule wa Sur nilimzaa hapa, mwaka ule wa mwanzo tulipofika," alisema, mdomo kwenye mtandio. "Mamaangu kabaki Unguja. Majirani waliniletea samli, waliniletea tende, Mungu awalipe, lakini hapana aliyejua maji. Tumbo nilijikanda mwenyewe. Mgongo mtu hajifikii."

Mie nilikuwa na miaka minane au tisa mwaka ule. Namkumbuka mtoto. Simkumbuki mama.

Yule mwanamke wa Java akachovya taulo, akalikamua, na badala ya kumwekea yeye akanipa mie mkononi. Nikaliweka. Mgongo wa mamaangu ni mdogo, taulo moja linaufunika wote. Nikamwuliza kama maji ni moto sana. Akasema yako sawa, nishuke kidogo. Nikashuka. Akasema bado. Nikashuka tena, karibu na kiuno, nikakandamiza kwa kiganja kama alivyonifunza, na machozi yangu yakawa yanaingia kwenye maji, sikuwa na mkono wa kuyafutia. "Hapo," akasema. "Hapo hapo."

Mlango wa mbele ukagongwa, wageni wamewahi. Binti yangu akatoka chumbani kwake na gauni lake jipya, mtoto begani, akatukuta hivyo, akasimama hajui afungue au asifungue. Mama hakuinua hata kichwa.

"Waambie wangoje," akasema. "Mzazi anakandwa."